Umande wa Saa Sita Mchana

Pombe sijawahi kuionja maishani. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunitazama macho. Sikuwa na homa, wala haukuwa usiku, saa ambazo mtu hujitisha mwenyewe kwa kichaka. Ulikuwa mchana kweupe, jua la kiangazi limesimama utosini, na haya ninayokueleza yalinifika mimi, si binamu wa rafiki yangu.

Nilikuwa fundi cherehani. Sikushona, nilizitengeneza cherehani zenyewe. Kwangu ni Shinyanga mjini, Ngokolo, lakini miaka ile ya sabini, watu walipokwisha kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, kazi yangu kubwa ilikuwa huko nje. Nilidandia malori ya pamba na kisanduku changu cha spana na mafuta, nikashuka panapohitajika fundi. Safari hiyo nilikuwa Kharumwa, kwa mshonaji mmoja aliyeitwa Mama Kulwa, mjane mwenye maneno machache. Cherehani yake niliimaliza jioni, na lori la kunirudisha lilikuwa halipiti mpaka keshokutwa. Nikajikuta nina siku nzima isiyo na kazi.

Wageni wa Kharumwa wakipata nafasi walikwenda kutazama mashimo ya wachimba dhahabu. Mimi mashimo nilikwisha kuyachoka. Tangu utoto napenda kutembea mahali walipokaa watu wa kale, basi nikamwuliza Mama Kulwa kama hapo karibu pana mji wa zamani. Akaniambia lipo itongo la ikulu, mahame ya mji wa watemi, mji ambao hata babu zake waliukuta na hawakuambiwa ulijengwa lini. Familia za mwisho zilihamishwa kutoka huko juzijuzi tu, wakati wa operesheni ya vijiji. Akanielekeza njia, kisha akasema kwamba siku hizi haendi mtu. Sikumwuliza kwa nini. Wewe ungeuliza?

Nilifika jua limepanda. Nilifurahi, sikufichi. Minyaa ya ua wa mtemi ilikuwa imekuwa miti mikubwa, imezunguka kilima kizima. Ndani yake kulikuwa na misingi ya mawe, duara baada ya duara, na mawe ya kusagia yaliyochimbika kwa mikono ya wanawake wa miaka na miaka hata yakawa kama mabakuli. Niliweka kiganja ndani ya moja, nikahisi ulaini wake. Majani yote yalikuwa makavu, yakivunjika chini ya viatu.

Nilipovuka kuelekea upande wa pili, kwenye maboma ya hao waliohamishwa juzi, nikasikia mtu anafagia.

Nikadhani labda kuna mzee aliyegoma kuhama. Nikafuata sauti. Nikaona uwanja mmoja, safi, hauna hata jani, na mwanamke kijana amejifunga kaniki, shanga nyeupe shingoni, ameinama na ufagio wa njiti. Nikapiga hodi kwa mdomo, nikatanguliza mguu wa kushoto ndani ya uwanja.

Niamini. Mguu ule uliingia kwenye baridi. Baridi ya alfajiri, ile inayomfanya mtu ajikunyate. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimelowa umande, suruali yangu ikalowa mpaka gotini, na huko nyuma yangu, hatua moja tu, jua lilikuwa linachoma mgongo. Umande wa kiangazi, tena saa sita mchana, uliuona wapi?

Yule mwanamke akainuka, akanisalimu, "Mwangaluka, baba." Hiyo ni salamu ya Wasukuma ya asubuhi, mtu anapoamka. Niliitikia, kwani ningefanya nini? Akaniomba radhi kwamba hajawasha moto, anataka amalize kufagia kwanza kabla jua halijatoka na watoto hawajaamka. Alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na jirani. Nilitazama nyumba nyuma yake. Haikuwa na paa, na katikati yake ulikuwa umeota mti mchanga.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nikueleze haya yote.

"Ukifika huko waliko, mwambie mama mkwe kisigino hakiumi tena. Dawa yake ilinipoza. Mwambie Kabula amesema."

Akainama, akaendelea kufagia. Nikarudi kinyumenyume mpaka jua likanipiga kichwani, na hapo hapo uwanja ule ukawa magugu makavu kama mengine yote. Nilikimbia. Mtu mzima, fundi anayeheshimiwa, nilikimbia nikalia.

Mama Kulwa alikuwa barazani anapima kitambaa. Aliitazama suruali yangu iliyolowa, akautazama mkondo wa mto uliokauka ule msimu mzima, akaniingiza ndani na kufunga mlango. Nikamwambia kila kitu. Nilipotaja jina la Kabula, aliketi.

Alinieleza kwa sauti ya chini. Kabula alikuwa mke wa Masanja, na walikaa kule kwenye itongo kabla ya kuhamishiwa hapa Kharumwa. Alfajiri moja aliingia ndani anachechemea, akamwambia mama mkwe wake, Bibi Holo, kwamba kisigino kinamuuma. Bibi akamchanjia dawa. Kabla ya jua kutoka, Kabula akafa, wakamzika hapo hapo penye boma. Bibi Holo alisema ni nyoka, lakini nyoka hakuonekana na alama hakuiona mtu mwingine. Tangu hapo kaka zake Kabula wakawa wanasema dawa ya bibi ndiyo iliyoua. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa samadi, na wewe unajua mambo ya kwetu: jicho jekundu la mwanamke mzee ni uchawi, halihitaji shahidi. Mganga alikwisha kuulizwa, akamtaja bibi. Kikao cha ukoo cha kumhukumu kilikuwa kesho yake jioni, na Masanja, mtoto wa kumzaa mwenyewe, alikuwa kimya.

Nikasimama niende nikawaambie. Si nimepewa ushahidi? Marehemu mwenyewe amemtakasa bibi. Mama Kulwa akanishika mkono.

"Fundi, ukisema umemwona Kabula, watasema hakufa. Watasema bibi amemfanya msukule na kumficha kule. Huyo mama hataiona hata hiyo kesho."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa kule kwenye baridi.

Jioni nilikwenda kwa Bibi Holo peke yangu, kama fundi anayetafuta kazi. Alikuwa kwenye kibanda cha pembeni, mbali kidogo na nyumba ya mwanawe, hana mtu anayemsogelea. Nikampa shikamoo, akaitika, "Marahaba, baba," bila kuinua uso. Nikampa salamu kama nilivyopewa, neno kwa neno.

Sasa aliinua uso. Akaniuliza Kabula alikuwa amevaa nini. Nikamwambia, kaniki na shanga nyeupe. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndivyo alivyovaa alfajiri ile.

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nilimuua," alisema. "Nilikuwa nawasubiri waje."

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na furushi dogo, akaniuliza lori linapita wapi.

Kesho yake alfajiri tulipanda naye juu ya marobota ya pamba, amejifunika shuka alilopewa na Mama Kulwa. Nilimshusha kijiji cha Didia kwa mdogo wake. Baadaye nilisikia kwamba jioni ile kaka zake Kabula walikwenda kibandani kwake na mapanga, wakakuta moto umezimika, wakakichoma kibanda. Bibi Holo aliishi miaka mingi kule Didia, akalea vitukuu wa mdogo wake, akafa kwa uzee. Nilikwenda kumzika. Masanja hakuja, wala sikusikia kama aliwahi kumwulizia mama yake.

Mimi ulinibakia mguu. Wa kushoto, kuanzia kifundo kushuka chini, haujawahi kupata joto tena. Madaktari wameuchoma sindano, wameupiga picha, hawakuona kitu. Navaa soksi hata Oktoba, mwezi wa joto kali kwetu, watu wananicheka, nawaacha wacheke.

Usiniulize niliona nini kule, maana sijui. Ninalokusihi ni hili. Siku ukikutana na jambo lisiloelezeka, usikimbilie kulitangaza sokoni ili watu wakustaajabie. Waliokufa wana lao, hawana haraka nasi. Tazama kwanza ni nani miongoni mwa walio hai atakayefuatwa na mapanga kwa sababu ya maneno yako, uende ukaongee na huyo.