Mchanja Kuku Asiyekula Kuku

Mwaka wa saba sasa Elinipa hajaonja nyama, samaki, yai wala maziwa. Jambo hilo lisingemsumbua sana kama angekuwa mtu wa kukaa kwake Mbwawa, ambako ana tuta la mchicha na sufuria zake mwenyewe. Lakini kazi yake ni ya safari. Ni mtaalamu wa mifugo katika mradi wa kuchanja kuku wa kienyeji, na karibu kila wiki yuko vijijini, analala kwa watu na kula kwa watu.

Ilianzia chuoni. Walipelekwa machinjioni kujifunza ukaguzi, naye akapewa ng'ombe mmoja ampime kabla hajachinjwa. Akampima, akaandika kwamba hana mimba. Alipokuwa akiandika, ng'ombe yule alilaza kichwa begani kwake. Saa moja baadaye, tumbo lilipopasuliwa, mlikuwa na ndama. Elinipa hakulia wala hakuhubiri. Jioni alikula ugali kwa mchicha, kesho yake hivyo hivyo, na hakurudi nyuma tena. Kwao Upareni mama yake alidhani anaumwa, akamwombea kanisani miezi mitatu mfululizo.

Safari ndizo zilizomfundisha ujanja. Siku moja pale Maili Moja mama lishe alimwapia kwamba maharage hayana nyama, na Elinipa akafika chini ya sahani akakuta mfupa. Tangu siku hiyo haulizi tena kama kuna nyama. Anauliza maharage yameungwa na nini, na chapati imekandwa na nini. Begi lake halikosi karanga za kukaanga, viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi. Aliwahi kwenda semina Dodoma, siku sita, kila jioni nyama choma. Wenzake walimcheka siku ya kwanza. Siku ya nne walikuwa wanagonga mlango wake kuomba karanga.

Jaribu kubwa lilimpata Kisarawe, mwezi wa sita mwaka jana, katika kijiji kimoja mbele ya Maneromango. Alikwenda na Kibwana, dereva wa pikipiki ya mradi, mtu wa makamo mwenye kitambi, mzaliwa wa hukohuko Kisarawe. Chanjo ya kideri ilikuwa ndani ya boksi la barafu. Kuku huchanjwa alfajiri, kabla hawajafunguliwa, kwa hiyo walifika jana yake alasiri, wakapokewa na mjane mmoja aitwaye Bi Zuwena. Naye akawachinjia jogoo.

Chakula kilipotengwa, Elinipa alijipakulia wali na mbaazi za nazi.

"Mwanangu, mbona mchuzi huugusi?" Bi Zuwena akauliza.

"Mama, mimi nyama sili. Wali wako na mbaazi vinanitosha kabisa."

Bi Zuwena akauliza kwa sauti ya chini, "Au kwa sababu tumechinja sisi Waislamu?"

Swali lile lilimchoma Elinipa. "Hapana, mama. Hata akichinja baba yangu mzazi, sili."

Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kuridhika. Kibwana alikula sehemu mbili ili kuokoa heshima ya wageni.

Alfajiri walibisha hodi nyumba ya kwanza, haikufunguliwa. Ya pili vilevile. Katika nyumba ya tatu mwenyewe alitoka mlangoni akasema kuku wake wazima, hawahitaji dawa. Wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulkadiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakijua kilichokuleta," alisema mzee. "Maneno yameenea. Watu wanasema mwenye dawa mwenyewe kuku hagusi. Basi anajua kilichomo."

Aliwaita watu ofisini kwake asubuhi ileile. Walijaa mpaka barazani. Kabla hawajaanza, mzee akamwinamia Elinipa. "Jambo lenyewe jepesi. Bi Zuwena amebakiza kuku. Kula kipande kimoja mbele yao, kazi yako iishe."

"Dada, paja moja tu," Kibwana akamnong'oneza. "Fikiria kuku mia sita wa kijiji hiki. Kideri kikiingia hapa hawabaki kumi."

Hakuna aliyekuwa anamtega. Walimtakia mema wote wawili. Elinipa hafichi kwamba alilifikiria. Nani angejua huko Mbwawa? Na barafu ilikuwa inayeyuka. Lakini aliona kwamba akila kipande kile atakuwa amewaonyesha watu kitu ambacho si kweli, halafu awaombe wamwamini. Akasimama mikono mitupu.

Akawasimulia habari ya ng'ombe. Hakupamba. Alisema alichoandika, na kilichoonekana baadaye. "Tangu siku ile sikuweza tena," alisema. "Si kwenu tu. Popote ninapokwenda nakula hivi."

Mwanamke mmoja akauliza kutoka barazani, "Na mtu akimla kuku aliyechanjwa?"

"Muulizeni Kibwana. Kuku wa kwake nawachanja mimi, mwaka wa nne huu. Nyumbani kwake wanaliwa kila sikukuu."

Kibwana akasimama, akajipapasa tumbo taratibu. "Mniangalie wenyewe," akasema. Watu wakacheka.

Bi Zuwena ndiye aliyemaliza. "Mimi jana nilidhani ananidharau," alisema. "Sasa nimemwelewa. Hawa kuku kwake ni wagonjwa. Daktari gani anakula wagonjwa wake? Kesho aanzie kwangu."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na kilipotulia watu walikuwa wanataja idadi ya kuku wao. Mzee Abdulkadiri akatoa chupa za maji yaliyoganda kwenye friji ya duka lake, wakazipanga kuzunguka chanjo. Alfajiri iliyofuata walianza kwa Bi Zuwena, tone moja jichoni kwa kila kuku, na kila walipotoka nyumba moja walikuta watu wa nyumba ya pili wameshafunga banda wanangoja. Saa nne asubuhi chupa ya mwisho ya chanjo ilikwisha. Elinipa alikaa kwenye kizingiti, mikono imechubuliwa na kucha za kuku, akala kiazi kitamu kilichobaki kwenye begi. Anasema hajawahi kula kiazi kitamu kama kile.

Mwezi wa kumi kideri kilipita upande ule. Vijiji vya jirani vilizika kuku kwa matoroli. Katika kijiji cha Bi Zuwena majogoo waliendelea kuwika.

Baada ya hapo simu zikaanza kuingia kwa Kibwana. Wenyeviti wa vijiji vinne walitaka chanjo, na wote walitoa sharti lilelile: aje yule dada asiyekula kuku, asiletwe mwingine. Mmoja akaongeza kwamba kisamvu kimeshatwangwa na nazi zipo za kutosha.

Elinipa alivizunguka vijiji vyote vinne kwa siku nane. Hakuna aliyemsogezea mchuzi wa nyama, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Aliporudi Mbwawa, sketi yake ya kazini ilikuwa inambana kiunoni.