Mjomba Alivyorudi Nyumbani

Majuzi nilishuka treni Alby, pembeni mwa Stockholm, na mjomba wangu, mdogo wake mama, tukaenda moja kwa moja kuutafuta uwanja. Ndugu yangu, hakuna uwanja. Kuna maegesho ya magari. Nikashika kichwa, maana pale ndipo ukoo wetu ulipompata mchezaji wa besiboli wa kulipwa, wa kwanza na wa mwisho.

Usinicheke. Mjomba alitoka Kivu hajui hata jina la mchezo huo. Alichojua ni kulinda mahindi: tumbili akitokea ng'ambo ya bonde, mjomba anamtupia jiwe, tumbili anahama mkoa. Basi siku moja hapo Alby, tulipokuwa tukirushiana theluji chini ya maghorofa, akatupa bonge likamvua kofia bwana mmoja kule kituo cha treni. Tukajificha nyuma ya baiskeli. Bwana akaja, wala hana hasira, anauliza aliyerusha ni nani. Kumbe ni kocha wa besiboli.

Kiangazi kocha akatoa neno: mechi moja ya majaribio, akifaulu anapata mkataba na mshahara. Nyumba nzima ilikosa usingizi. Mjomba alikuwa ameomba kazi kila mlango wa Stockholm, na bibi alishachoka kusikia "labda kesho". Kwa kuwa Kiswidi kilikuwa bado hakijamwingia, sheria alifundishwa na mama jirani, Mkenya, huku tukila chapati zake: "Ukiupiga mpira ukaenda mbali, unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi nyumbani. Usisimame hata wakikuita."

Siku yenyewe mjomba alirusha mipira ikawa inapiga mluzi. Zamu yake ya kupiga ilipofika, aliushindilia mmoja ukapita juu ya uzio, nadhani ulitua Norwe. Akatimua mbio. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akatoka getini, gongo begani, akapanda kilima kuelekea kwetu. Sisi watoto tukamfuata tukipiga kelele "Hem! Hem!", yaani nyumbani kwa Kiswidi. Neno hilo alilijua. Akazidisha mwendo.

Bibi alikuwa jikoni anageuza sombe, yale majani ya muhogo, harufu ya mawese imejaa hadi kwenye ngazi.

"Weye, mechi imeisha?"

"Walisema nirudi nyumbani, mama. Nimerudi."

"Na wenzako?"

"Sijui. Mimi nimekuwa wa kwanza."

Mama jirani akaingia akihema. "Kaka, nyumbani ni kile kibao cheupe pale uwanjani!"

Bibi akamgeuza mjomba mabega, akamsukuma mlangoni kwa mwiko wake. "Basi rudi huko nyumbani kwao."

Akashuka kilima kwa kasi ileile, akakikanyaga kibao. Mwamuzi, akijifuta machozi ya kicheko, akasema pointi haihesabiki. Mjomba akainamisha kichwa. Aliona kazi imekwenda. Lakini kocha alikuwa anakitazama kilima, anamtazama mjomba, kisha akaniuliza mimi: "Huyu hahemi?" Mkataba ukatoka.

Alicheza mpaka bega likakataa. Siku hizi anafanya kazi kwenye ghala, kitongoji cha Jordbro. Bibi hayupo tena, na ile nyumba yenye harufu ya mawese wanaishi wengine.

Pale kwenye maegesho mjomba alizunguka akipima kwa macho, akajipenyeza kati ya magari mawili, akakanyaga lami kwa mguu wa kulia.

"Hapa," akasema. "Sasa hesabu ile pointi."

Nikahesabu.