Bi Mwanatumu Apumzishwa

Miaka sabini na miwili Bi Mwanatumu wa Mwabungo aliishi bila kujua ladha ya kukaa bure. Aliyafukia makumbi ya nazi mchangani, akayafukua yakinuka hata mbuzi wakapita mbali, akayaponda kwa rungu, akasokota kamba. Ncha moja aliifunga kwenye kidole gumba cha mguu, na mikono ikienda, mguu nao ulivuta na kulegeza kana kwamba una akili zake. Mume wa kwanza alimwacha kwa ajili ya harufu ile. Wa pili alikuwa na mafua yasiyokwisha, wakadumu.

Mwezi wa tatu baada ya bendera mpya kupandishwa, aliteleza kwenye shimo lake la makumbi akavunjika nyonga ya kushoto. Hospitalini wakamlaza chali, mguu ukavutwa kwa kamba na mifuko ya mchanga. Aliitazama kamba ile.

"Hii imesokotwa na mvivu," akasema.

Kifo hakikumtisha. Alichoogopa ni kubebwa. Alitaka kurudi Mwabungo kwa miguu yake, basi.

Nesi wa wodi, Jemima, msichana wa bara ya Kwale, kwenye ng'ombe na vumbi, alimjia asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee aliyevunjika nyonga hauawi na mfupa, bibi. Huuawa na kulala. Damu isiyotembea huganda mguuni kama maziwa kwenye kibuyu. Kipande kikibanduka, hupanda mpaka mapafuni kikaziba. Chezesha nyayo zako kila saa."

"Nizichezeshe bure, kama mwendawazimu?"

Jemima akafikiri. Kesho yake akamletea fungu la makumbi yaliyopondwa. Bi Mwanatumu akafunga ncha kwenye kidole cha mguu mzima, wa kulia. Wodi ikanuka, wagonjwa wakalalamika, kamba ikarefuka, mguu ukafanya kazi. Siku kumi na moja hivyo.

Siku ya kumi na mbili akaja mwanawe Abdalla, kiongozi wa vijana wa chama akiwa na miaka arobaini na minne, amevaa koti katika jua la kukausha samaki. Alipoiona kamba, alisimama kama aliyefumania wizi.

"Mama anafanyishwa kazi kitandani? Hata mkoloni alituacha tupumzike tukiugua."

"Wewe mkoloni hakukukuta ukifanya kazi hata siku moja," mamake akasema. "Niache. Mguu unaitaka."

"Mama, huu ni Uhuru. Kazi yako imekwisha."

Jemima akamweleza habari ya damu kuganda. Abdalla akamwuliza kama anajua anasema na nani. Akayabeba makumbi yote, akawaweka dada zake wawili zamu kando ya kitanda: mama asinyanyue hata kijiko. Wakamlisha, wakamfuta, wakamfunika leso miguuni, na kila unyayo ulipotikisika waliukandamiza kwa upole. "Tulia, mama." Jemima alipokuja kuushika, walimwambia akawashike wa kwao.

Bi Mwanatumu aliwahi kushindana na mchanga, maji ya chumvi na waume. Mapenzi ya wanawe yalimshinda. Akatulia.

Siku ya kumi ya heshima hiyo, shavu la mguu wa kulia likavimba, likang'aa. Dada wakafurahi: mama ananenepa. Abdalla akaliminya kwa fahari.

"Mnaona kupumzika?"

Jemima aliuona mguu ule kutoka mlangoni, akageuka mbio kumwita daktari. Bi Mwanatumu alihisi kitu kikimchoma kifuani, kama sindano ya kushonea magunia. Pumzi ikaingia nusu.

"Nipeni kamba yangu," akasema.

Wakampa uji. Mikono yake ikasokota hewa mara mbili, tatu. Daktari alipofika, ilikuwa imekwisha acha.

Alirudi Mwabungo amebebwa.

Siku ya tatu ya matanga Jemima alishuka kuhani. Abdalla alikuwa akiwahutubia wanaume ukumbini, koti lile lile.

"Alhamdulillahi, alipumzika siku kumi nzima. Hakugusa kitu."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Bahati kama ile si ya kila mama. Jemima alikaa mkekani kati ya wanawake, miguu ameinyoosha, na chini ya leso akawa akichezesha nyayo zake, moja baada ya nyingine, mpaka alipoaga.