Mjane Mwenye Mume

Watu walimwita Bi Kicheko, na aliyepita mlangoni pake mara moja hakuuliza kwa nini. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi mmoja mpenda usingizi, na ndani mlikuwa na viti vya kusukia, kioo chenye ufa, na benchi la wale ambao hawakuja kusuka wala kusukwa bali kusikiliza. Wapo wateja waliofika na vichwa vizito kwa mawazo, wakaondoka vikiwa vizito kwa rasta tu.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Majirani walisema wale wawili ni redio na ukuta: mmoja anasema, mwingine anapokea. Walikuwa na watoto wawili, na ndoa yao ilikuwa imetulia kiasi kwamba watu waliisahau, kama unavyosahau mlango usiolia.

Basi jioni moja fundi bomba alirudi nyumbani, akaweka chini mfuko wake wa spana, akamwambia mkewe kwamba yeye amekufa.

Bi Kicheko alikuwa anakunja nguo. Alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaketi. Ndipo ukuta ukasema. Siku hiyo alikuwa ameitwa kurekebisha sinki kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mkarimu anayeishi peke yake upande wa pili wa mji. Alipotoa kichwa chini ya sinki ili kupumua, akakutana uso kwa uso na mkewe. Alikuwa ukutani, kwenye kalenda, machozi yakimtiririka mashavuni. Mwalimu mstaafu alimwona fundi amekodoa macho, akamweleza kwa huruma kwamba yule ni mjane maskini. Mumewe alianguka kutoka jengo la ghorofa akafa, akamwachia watoto watano. Kalenda ilitolewa na shirika linalowagawia wajane vyerehani, na mwalimu alikuwa akilichangia kila mwezi kutoka kwenye pensheni yake kwa sababu ya uso ule.

"Kufa si neno," fundi bomba alimwambia mkewe. "Lakini hao watoto watatu wengine, mama watoto, uliwapata wapi?"

Bi Kicheko alicheka mpaka akashika mbavu. Alipokwisha kucheka, akaiacha nguo nusu imekunjwa.

Machozi yale aliyakumbuka vizuri. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amefiwa na mume kweli, na lile shirika lilikuwa limempa cherehani. Siku ya kukabidhiwa, Bi Kicheko alimsindikiza, akajitolea kusaidia jikoni kwa ajili ya chakula cha wageni. Alipewa gunia la vitunguu. Mpiga picha wa shirika alipopita, alimkuta kajiinamia na kisu mkononi, macho yanamwagika. Inaelekea kisu kilikatwa kwenye picha, vitunguu navyo vikakatwa, yakabaki machozi.

Katika wiki iliyofuata aligundua kwamba habari ilikuwa imemtangulia. Mteja mpya alimpa pole, akamwongezea kidogo juu ya malipo na kuondoka kabla hajarudishiwa. Mwingine, aliyemwona fundi bomba akiingia saluni kuchukua ufunguo wa nyumba, alikunja uso na kumnong'oneza jirani yake kwamba mjane huyu hata msiba haujapoa. Hapo Bi Kicheko alifunga saluni mapema, akajitanda kanga, akaenda kwenye ofisi za shirika.

Ofisi zilikuwa juu ya duka la dawa. Pale mapokezi alijikuta tena, safari hii mkubwa kama mlango, akilia. Binti wa mapokezi alimtazama yeye, akaitazama picha, akasimama na kumpa pole kwa mikono miwili. Bi Kicheko aliipokea, maana hakujua pole hurudishwaje.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini, aliyekuwa muuguzi kabla ya kulianzisha shirika lile kwa mikono yake mwenyewe. Hakukana. Alieleza kwamba picha ile ilikuwa ya mfano tu, na kisa kile kilikuwa cha wanawake kadhaa kilichounganishwa kikawa cha mmoja, na kwamba mashirika mengi hufanya hivyo. Bi Kicheko alimuuliza yeye ni mfano wa nini, kwa sababu anavyojua yeye ni mke wa mtu, na mtu huyo anakoroma.

Mkurugenzi alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Alisema anaweza kuiondoa picha kimyakimya, na kama dada ataona vyema, kuna cherehani cha ziada stoo. Bi Kicheko akasema hajaja kutafuta cherehani. Anataka waliodanganywa waambiwe.

"Dada yangu," mkurugenzi alisema, "nikiwaambia wachangiaji kwamba kalenda ni ya uongo, hawataishia kwenye kalenda. Watasema na vyerehani ni vya uongo, na ofisi ni ya uongo. Watakimbia. Na watakaoumia si mimi wala wewe."

Neno hilo lilimkaa Bi Kicheko kama mwiba wa samaki. Vyerehani havikuwa vya uongo, yeye mwenyewe alikuwa amebeba kimoja mpaka kwa wifi yake na kuumwa mgongo. Akaenda kwa wifi huyo kumfungulia moyo.

Wifi aliishi chumba cha uani na wanawe, na cherehani kilikuwa pale dirishani, kimezungukwa na sare za shule zilizokatwa zikingoja kushonwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mguu. Kisha akasema kwamba anamwomba wifi yake anyamaze. Mkate wa wanawe unatoka kwenye chombo hiki, na wapo wenzake wanaosubiri zamu yao. Picha inadhuru nini? Aibu ya wiki mbili, watu watasahau.

Bi Kicheko hakubishana. Alichukua mkasi akaanza kumsaidia kukata nyuzi zilizoning'inia. Wakafanya kazi hivyo mpaka wifi aliposimamisha cherehani mwenyewe.

"Unajua siku ile walinipiga picha na mimi?" alisema. "Nyingi tu. Yule kijana akasema haziwezi kutumika kwa sababu nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimepewa cherehani, wifi, nisicheke? Mjane ni mimi, lakini sikufaa kuwa mjane."

Akashona mshono mwingine, akausimamisha tena katikati. Akasema basi, nenda ukaseme, lakini mwache aseme yule mwenye shirika kwanza. Nyumba ikisafishwa na mwenyewe ni usafi, ikisafishwa na jirani ni fedheha.

Bi Kicheko alirudi ofisini na maneno hayo, karibu kama alivyopewa. Alimwambia mkurugenzi kwamba mkutano wa mwaka wa wachangiaji unakuja, na yeye na mumewe watahudhuria, wote wawili wazima. Likisemwa na mkurugenzi litakuwa kosa lililosahihishwa. Likisemwa na msusi litakuwa kosa lililofichuliwa. Achague. Bi Kicheko aliteremka ngazi akijiona amekuwa mkali kuliko alivyotaka.

Siku chache baadaye mkurugenzi aliingia saluni, akaomba kusukwa.

Sasa, anayesukwa ana shida moja: akishafumuliwa na kuanzwa upande mmoja, hawezi kuondoka. Benchi lote lilijua ni nani, likajifanya halijui. Mwanzo walizungumza mambo ya nywele. Kisha, kichwa kikiwa nusu, mkurugenzi alianza kusimulia, akiangalia kioo wala si mtu. Alisema miaka ya mwanzo alikuwa akienda kwa wachangiaji na ukweli mtupu: huyu anahitaji cherehani, anajua kushona, atajitegemea. Walimsikiliza kwa adabu na kumpa chai. Siku moja, kwa kuchoka, alikiongezea kisa kimoja mtoto mmoja mgonjwa. Wakachanga. Mara iliyofuata akaongeza tena. Alisema uongo ule ulikuwa kama chumvi, kila siku unaona jana iliwekwa kidogo.

Bi Kicheko, ambaye angeweza kusema mengi, aliendelea kusuka. Baadaye alimwambia mumewe kwamba alimwonea huruma, na kwamba huruma ile haikumfanya abadili nia, na hakujua mambo hayo mawili yanaweza kukaa kifua kimoja.

"Unaogopa watakimbia," alimwambia mkurugenzi alipofunga rasta ya mwisho. "Watakimbia wengine. Lakini hawa ulio nao sasa si wako. Ni wa yule mama anayelia, na yule mama hayupo."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, wenye feni zinazozunguka bila kuleta upepo. Bi Kicheko na mumewe walikaa safu ya nyuma. Fundi bomba alikuwa amevaa suti ya harusi yake, nayo ilimbana kwa miaka yote aliyokula tangu hapo. Zilisomwa taarifa, yakapigwa makofi. Bi Kicheko alianza kuwaza kwamba itambidi asimame yeye.

Mkurugenzi akaweka karatasi chini. Akasema mwanamke aliye kwenye kalenda si mjane, hana watoto watano, alikuwa anakata vitunguu kwa ajili ya chakula cha watu, na hakuulizwa. Akasema kisa kile kilitungwa yeye akijua, na hapana mwingine wa kulaumiwa. Akataja pia visa vingine vilivyoongezwa chumvi, kimoja kimoja. Kisha akasema vyerehani ni vya kweli, na yeyote anayetaka kwenda kuviona aseme anataka siku gani. Wajane wenyewe wataulizwa kwanza, na akikubaliwa atapelekwa, bila wao kuandaliwa.

Ukumbi ukavuma. Mzee mmoja mwenye fimbo alinyanyuka akatoka bila neno, na nyuma yake wakatoka wengine. Mtu akauliza kama basi hata leo wanaambiwa ukweli. Hapo Bi Kicheko alimsukuma mumewe kwa kiwiko, na fundi bomba, ambaye hajawahi kuhutubia hata mkutano wa ukoo, akasimama ili aonekane. Akasema yeye ndiye marehemu. Akakaa.

Kicheko kilipopungua, mwalimu mstaafu alisimama safu ya mbele, akageuka nyuma, akamtambua fundi wake wa sinki. Hakuwa anacheka.

"Nimekuombea kila asubuhi," alisema. "Mwaka mzima. Nimelia kwa ajili yako, na wewe ukaja ukanitengenezea bomba ukanyamaza?"

Fundi bomba alisimama tena, akapapasa vifungo vya suti. Akasema, "Nisamehe, mama. Mtu akiambiwa amekufa hajui aanzie wapi. Lakini maombi hayajapotea. Kiuno changu kilikuwa kinanisumbua, kimepona."

Mwalimu alimtazama sana, na uso wake ukalegea kidogo tu. Akasema yeye hataondoka, lakini asidhani mtu kwamba amesahau. Ataendelea kuchanga, na kuanzia sasa atakuwa anauliza.

Na kweli, mwaka uliofuata ulikuwa mkavu. Waliokimbia walikimbia, foleni ya wajane ikasogea polepole, na wapo waliongoja mwaka mzima na kumtupia Bi Kicheko jicho baya sokoni. Wifi yake aliulizwa mara nyingi kama ameridhika sasa. Bi Kicheko aliwasuka bure binti za waliongoja na kuvumilia jicho. Baadaye wakaanza kurudi wachangiaji mmoja mmoja, wengi wao wale waliokwenda kuona kwa macho yao. Mwalimu mstaafu alimpendekeza Bi Kicheko kwenye kamati, naye akaingia akiwa na sharti moja: hakuna kisa cha mtu kitakachotoka kabla mwenyewe hajasomewa, na akikataa kimekataliwa.

Sharti lenyewe lilijaribiwa upesi. Shirika lilimpelekea cherehani mama mmoja aliyekuwa akishona kwa mkono katika chumba nyuma ya gereji, na Bi Kicheko akaenda pamoja na yule yule mpiga picha wa vitunguu, ambaye sasa alimwogopa kama mama mkwe. Kisa kilikuwa kizuri mno. Mpiga picha alikiandika vizuri, bila chumvi, akamsomea mwenyewe polepole. Mama yule alisikiliza amefumbata mikono mapajani.

Alisema kila neno ni kweli, lakini hapana. Wanawe hawajui baba yao alikufaje, na anataka wasikie kutoka kwake wakikua.

Mpiga picha alifunga kamera. Gereji kule nje walikuwa wanagonga bati. Mama akakitazama cherehani, bado kimo ndani ya boksi, akauliza kwa sauti ndogo kama basi wanakirudisha.

"Cherehani ni chako," Bi Kicheko akamwambia. "Picha tulikuwa tunaomba tu."

Meza ilikuwa upande wa giza, haifai kwa kushonea. Bi Kicheko akashika ncha moja, akamwashiria mpiga picha ashike nyingine, wakaisogeza mpaka dirishani, mwenye chumba akiwaelekeza wasivunje mguu mbovu wa meza.