Siku Nilipozidisha Hesabu ya Wafungwa

Jamani, hii ni aibu yangu na mke wangu amenikataza kuisimulia, lakini nyie ni wenzangu, chekeni tu nimalize. Mimi ndiye ustadh ninayetoka Kawajense kila Ijumaa kwenda gerezani kuswalisha na kusomesha darsa, na Ijumaa hiyo nilikuwa na furaha isiyo kifani kwa sababu mwanafunzi wangu Hamisi, aliyeingia hajui alifu wala be, alikuwa anaachiwa alasiri ile, na mama yake alishafika kutoka Kabungu, amekaa nje ya geti tangu asubuhi na nguo mpya za mwanawe kwenye mfuko.

Kosa langu lilikuwa dogo tu. Baada ya swala niliona wafungwa wawili wanapeleka ndoo ya maharage kwenye mgao wa chakula, nikataka kusaidia. Wakasema, "Ustadh, acha, tutabeba sisi." Niache mimi? (Nilikuwa nimetoka kuhubiri unyenyekevu, sasa nionekane naogopa ndoo?) Nikainyanyua, nikateleza, maharage yote yakaishia kwenye kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi. Wakaifua palepale, nikaazimwa sare yao ya rangi ya machungwa nijisitiri mpaka ikauke.

Mara filimbi ya hesabu ikalia. Wote wakachuchumaa kwa mistari, na mimi, badala ya kusogea pembeni, nikachuchumaa nao, eti naonyesha utii! Askari wa kuhesabu alikuwa amehamia wiki hiyohiyo, hanijui. Akahesabu, kazidi mmoja. Akarudia, kazidi. Magoti yananiwaka moto, walio karibu yangu wamebana vicheko mpaka mabega yanatetemeka, na mimi aibu imenifunga mdomo, najiambia atachoka. Hakuchoka.

"Hesabu isipokaa sawa, leo hatoki mtu!"

Nikamwona Hamisi mstari wa mbele, kainamisha kichwa. Roho iliniuma kwa kweli. Nikasimama.

"Afande, aliyezidi ni mimi. Mimi ni ustadh."

"Chuchumaa! Humu ndani kila mtu ni ustadh."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata nyapara wao akakaa chini akishika mbavu, na Hamisi ndiye aliyenitetea: "Afande, kweli, huyo ndiye aliyenifundisha kusoma." Ikabidi aitwe mkuu wa zamu kutoka getini aje anitambue, naye alicheka kwanza, kunitambua kukafuata.

Tukatoka pamoja na Hamisi, mimi nimevaa kanzu inayochuruzika maji. Mama alimkumbatia mwanawe akalia, akacheka, na Hamisi (mwanafunzi wangu huyo!) akamwaga mkasa wote mbele ya bodaboda na wauza mahindi. Mama akanitazama kichwa mpaka miguu, akanishika mkono.

"Kumbe ni wewe uliyenicheleweshea mwanangu? Pole, baba. Siku nyingine ukitaka kufungwa, ngoja kwanza wenzio watoke."

Nimeapa, jamani. Unyenyekevu nitaendelea kuuhubiri, lakini nikikosea nitasema papo hapo, maana aibu yangu haina haki ya kumchelewesha mtu anayesubiriwa na mama yake.