Turubai la Kahawa

Fundi wa Kayanga alinijibu kwa simu bila kuzunguka. "Mwalimu, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Usiifungue. Nina magari mawili hapa, nitakuja kwako Alhamisi na vifaa vyangu."

Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ile ile tulikuwa tumepigiwa simu kutoka Nyabiyonza kwamba shangazi, dada pekee wa baba aliyebaki duniani, hali chakula tena, na kwamba anamtaja kaka yake kutwa nzima. Baba alivunjika nyonga aliposhuka kwenye mteremko wa shamba, na tangu hapo hawezi kupanda pikipiki. Mtu wa kumfikisha kwa dada yake nilikuwa mimi, na chombo kilikuwa pikapu yangu kuukuu, iliyosimama uani kwetu Nyakasimbi ikimeza maji na kutoa moshi mweupe kila nilipoiwasha.

Njia nyingine ilikuwepo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jirani yetu mwenye duka alisikia, akaja mwenyewe. "Jumanne napeleka mzigo Nyabiyonza. Mzee atakaa mbele na mimi." Mtu mwenye akili angesema hewala. Mimi nikasema, "Asante sana, lakini gari langu litakuwa tayari Jumatatu."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nafundisha fizikia, na kwa miaka mingi nimechora injini ubaoni kwa chaki za rangi, nikawacheka mafundi wasiojua hata kanuni ya joto. Na kwa sababu baba alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe ndiye atakayempeleka. Niliona aibu apandishwe gari la mwingine wakati langu lipo uani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili baada ya ibada nikaifungua. Kazi ilikwenda vizuri, na hapo ndipo kiburi kiliponivimba zaidi. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilitoka, nikaona mahali gasketi ilipoungua, na gasketi mpya ilikuwa imeshaletwa na bodaboda kutoka mjini. Ningeiweka, nikafunga, nikanyamaza. Lakini niliona masizi kwenye valvu, nikajiambia kwamba mtu hafungui injini mara mbili. Nikatoa na vikombe vya valvu, vikombe vidogo vya chuma, kumi na sita. Kwa macho havina tofauti, ila kila kimoja kimelika pamoja na mahali pake na lazima kirudi hapo hapo. Nilivipanga kwa mstari, wa kwanza hadi wa mwisho, kwenye turubai la kuanikia kahawa. Nusu ya pili ya turubai ilikuwa na kahawa yenyewe.

Jumatatu alasiri nilikuwa nimeinama nasugua hedi, mvua ikaja kutoka upande wa Kyerwa bila hodi. Sisi huku mtoto anajua jambo hili kabla hajajua kusali: tone la kwanza likidondoka, unakimbilia pembe za turubai. Sikufikiri. Nilishika pembe mbili, nikazikutanisha na zile nyingine, nikaburuta mzigo wote hadi barazani. Ni pale niliposikia vyuma vikigongana ndani ya kahawa ndipo nikajua nimefanya nini. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Mke wangu alitoka jikoni mbio. "Kahawa imepona?"

"Imepona," nikamjibu.

Baba alivuta kigoda chake, akaanza kuchambua, maana hakuna anayemshinda kuchambua kahawa. Kila alipopata kikombe alikifuta kwa pindo la koti lake, akaninyooshea.

"Hiki ni cha wapi?"

"Sijui, Tata," nikasema; ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyambo.

Aliniuliza hivyo kwa kila kimoja, vyote kumi na sita, na kila mara jibu langu lilikuwa lile lile. Nadhani alikuwa hajakata tamaa bado. Mimi nilikuwa nimekata.

Jumanne asubuhi nilikuwa navipachika kwa kubahatisha. Baba alikuwa chumbani akivaa nguo za safari, kama alivyofanya kila siku tangu Jumapili, na mezani alikuwa ameweka kifurushi cha kahawa ya kutafuna, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba, cha kumpelekea dada yake. Honi ikalia barabarani, mara moja, mara mbili, kisha mara ya tatu. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi. Nilikwenda hadi kwenye uzio, nikampungia yule jirani aendelee.

"Nenda tu. Namalizia."

Nilikuwa simalizii chochote. Nilijua hivyo nikiwa bado nimeinua mkono.

Shangazi alifariki Jumatano. Waliokuwa naye walisema alimwulizia kaka yake hadi sauti ilipokwisha. Alhamisi fundi alikuja kama alivyoahidi, na vifaa vyake vyote, akakuta mlango umefungwa. Tulikuwa Nyabiyonza tunazika. Tulikwenda kwa gari la yule yule mwenye duka, naye hakunikumbusha neno. Ningeshukuru kama angenitukana.

Wakati wa kurudi baba alikaa mbele, mimi nyuma yake. Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha akauliza kwa Kinyambo, bila kugeuka.

"Jumanne nilisikia honi. Ilikuwa inatuita sisi?"

"Ndiyo, Tata."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatoa kile kifurushi kwenye mfuko wa koti, akalifungua jani juu ya magoti yake, akaanza kutafuna kahawa ya dada yake, punje moja moja, mpaka tukafika nyumbani.