Mguu wa Kwanza kwa Bibi Desanka

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, shangazi yangu hakupenda kukutana na uso wangu asubuhi kabla hajatoka nyumbani. Akiwa na jambo kubwa siku hiyo, mtihani wa leseni ya udereva au usaili wa kazi, alinigongea ukuta na kusema, "Kaa humo chumbani mpaka nitoke." Nami nilikaa. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi kule Kigoma siku ileile babu alipozikwa, na mvua ya siku hiyo ikang'oa hema letu, kwa hiyo shangazi alikuwa ameshaamua kwamba nina nuksi. Hakuwa mtu mbaya. Alinisuka nywele, akanifundisha kusonga ugali usio na madonge. Ila nuksi aliibeba mpaka Takoma Park, Marekani, pamoja na masufuria. Mama alimkemea, lakini mama alikuwa kazini muda mwingi, na mtoto humwamini yule aliyepo.

Kazi ya mama ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Mzee wake wa asubuhi alikaa nyumba ya tatu kutoka jengo letu, nyumba kuukuu ya mbao yenye meko ya kuni sebuleni. Aliitwa Bibi Desanka. Mtaa mzima ulimwita Mromania kwa sababu alitoka Romania, na kila aliyemwita hivyo alisahihishwa palepale. Yeye ni Mserbia. Kijiji chao kiko Romania, babu zake na babu za babu zake wamezikwa huko, na shuleni alisoma Kiromania, lakini nyumbani waliongea Kiserbia, wakasali na kugombana kwa Kiserbia. Mimi sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Sisi ni Warundi, nimezaliwa Tanzania, na shuleni waliniita Mkongo kwa sababu rafiki yangu wa kwanza alikuwa Mkongo.

Hata Krismasi yao ilikuwa na siku yake. "Waromania wakila yao Desemba, sisi bado tunafunga," aliwahi kuniambia. "Siku kumi na tatu tunanusa nyama ya jirani." Yao ni tarehe saba Januari, na jambo kubwa la asubuhi hiyo ni mguu wa kwanza. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti ndiye anayeubeba mwaka mzima wa nyumba ile. Kwa hiyo huchaguliwa mapema, mtu mwenye afya na bahati, na mlango hufungwa mpaka afike. Kwa Bibi Desanka mtu huyo alikuwa mwanawe, Milosh, aliyefanya kazi kwenye majengo ya kompyuta za mtandao katika mji wa Sterling. Na mwaka ule bibi aliuhitaji mguu mzuri kuliko miaka yote, maana mwezi wa pili alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo.

Habari hii ya mguu niliijua baadaye. Asubuhi ile sikujua lolote, wala mama hakujua. Theluji ilikuwa imeanguka sana, na mama alipiga simu kutoka Springfield alikokuwa amelala kwa mgonjwa mwingine.

"Mabasi hayatembei," alisema. "Shule nayo wamefunga. Chukua ufunguo wa Bibi hapo msumarini, hakikisha amekunywa dawa zake za moyo. Na usianze kucheza na theluji njiani."

Nilifungua mlango kwa ufunguo, nikaingia. Sakafuni palitandazwa nyasi kavu, kama kwenye zizi, na kando ya meko lilisimama tawi la mwaloni lenye majani yake makavu. Bibi alikuwa kitini, kiganja amekinyoosha kunizuia, lakini nilikuwa nimeshaingia. Tulitazamana. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Umeingia na mguu gani?"

"Wa kulia," nilisema. Sikuwa na hakika.

Akanieleza. Nilipoelewa nilichokifanya nikaanza kulia. Nilimwambia siwezi kubeba mwaka wa mtu, nina nuksi, shangazi anajua. Afadhali nitoke, aingie Milosh.

"Mguu ukishaingia umeingia," alisema. "Sasa nisikilize. Kwetu mvua ya mawe ikipiga mahindi, Waromania walisema wameileta Waserbia. Sisi tulisema wameileta Wahungaria. Wahungaria sijui walimsema nani. Mawe yalipiga mashamba yote." Akanisukumia lile tawi kwa fimbo yake. "Mtu akipatwa hutafuta wa kumtwika. Mimi sitakutwika wewe. Shika."

Alinimwagia punje za ngano kichwani, nyingine zikaniingia shingoni. Akanifundisha kulipiga kwa tawi gogo linalowaka mekoni na kusema maneno: kadiri ya cheche hizi, afya iwe nyingi, kondoo wawe wengi.

"Bibi, huna kondoo."

"Piga."

Nikapiga. Nilipiga mpaka ncha ya tawi ikashika moto, na machozi yalikuwa yamekauka. Nilikuwa na hasira, sijui na nani, nikataka cheche zijae bomba lote la moshi. Baadaye alinifunika blanketi zito mabegani, akanipa soksi za sufu alizofuma kwa ajili ya mwanawe, zilizonifika magotini, na mkate wa sikukuu.

Milosh alifika adhuhuri, theluji tele kwenye suruali, akanikuta natafuna.

"Mama, na mimi je?"

"Umechelewa. Mwaka umeshapata mwenyewe."

Alicheka, lakini macho yake yalinikaa muda mrefu. Nilijua anauwaza mwezi wa pili, kama mimi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi. Kama mwaka ule ulikuwa wangu, basi hautaharibikia mikononi mwangu. Kila nikitoka shule nilipitia kwa bibi. Nilifagia theluji kwenye ngazi zake na kumwaga chumvi asije akateleza, nikakagua kisanduku cha dawa kidonge kwa kidonge, hata mama akaniuliza kama nimechukua kazi yake. Siku ya upasuaji nilijifungia chumbani mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Sikula. Jioni shangazi alifungua mlango, akanikuta sakafuni nimevaa zile soksi.

"Mama yako amepiga simu," alisema. "Bibi ameamka. Anadai supu ya hospitali haina chumvi."

Nililia kwa furaha mpaka nikapata kwikwi. Shangazi alisimama pale akinitazama.

Bibi aliumaliza mwaka, polepole, kwa fimbo na kwa ubishi. Ikarudi tarehe saba Januari. Nilidhani kazi yangu imekwisha, na tena asubuhi hiyo shangazi alikuwa na usaili wa kazi hotelini, akanigongea ukuta kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisubiri atoke, ndipo nikasikia hodi. Alikuwa Milosh, pua nyekundu kwa baridi.

"Mama hanifungulii," alimwambia shangazi. "Nimesimama nje nusu saa. Anasema mpaka msichana afike."

Nikatoka chumbani. Nilipita mbele ya uso wa shangazi, na koti lake la usaili tayari mwilini, nikaanza kutafuta viatu. Nilingoja anigombeze. Aliinama akavitoa viatu vyangu chini ya kabati, akanisogezea.

"Haraka," alisema. "Usimwache mtoto wa watu kwenye baridi."

Kazi ya hotelini hakuipata. Jioni nilikaa mezani nikisubiri neno lile nililolizoea, nuksi. Shangazi alimega ugali, akachovya, akamwambia mama kwamba maswali yalikuwa magumu. Hakunigongea ukuta tena.

Bibi Desanka aliishi miaka saba mingine, na yote niliifungua mimi. Mpaka leo sijui kama mguu hubeba mwaka. Mimi ni nesi, nimeona mioyo ikipona na ikikataa, na sikuona miguu ya nani iliingia kwanza. Ninachojua ni kwamba nilifungiwa na neno la mtu aliyenipenda, na bibi wa kabila nisilolijua alikataa kumfungulia mwanawe mpaka nitoke. Kila tarehe saba Januari naomba ruhusa kazini mapema na kuendesha gari hadi Sterling, theluji iwepo isiwepo. Milosh sasa ana mvi na mlango wake umefungwa mpaka nifike. Naingia na mguu wa kulia, na siku hizi nina hakika nao.